Salamu Nilizozipiga Marufuku Simuni

Mimi ni mtu wa bara, na hasira zangu ziko karibu. Miaka ile ya soko huria, wafanyabiashara wakimiminika na malori kufuata mpunga wa Rufiji, niliwekwa Mohoro kupokea vipimo vya mto kwa simu ya upepo, redio ya betri ambayo yeyote mwenye chombo kama hicho aliweza kuita. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikaa kituo cha huko juu, mto unakotokea. Kila asubuhi alisoma ubao uliosimikwa mtoni, akanitajia kina, nami nikawatangazia wakulima wabaki mashambani au wakimbie.

Shemeji hakuweza kutaja maji kabla ya kusalimia. Ataulizia hali yangu, ya dada yake, ya mtoto, ya shamba, mpaka ya kuku. Betri inakufa, yeye yuko kwenye kuku! Siku moja nikamfokea: "Shemeji, taja kina, funga. Salamu tutapeana nyumbani."

"Haya, shemeji," akasema. "Wewe ndiye mwenye simu."

Akaacha kweli.

Mpunga ulipoiva, asubuhi moja sauti ya kukwaruza ikaniambia maji yamepanda ghafla, watu watoke. Hakuna salamu, maji tu, basi. Nikagonga kengele. Familia zikashuka kutoka madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo wanamolindia mpunga, zikakimbilia mwinuko. Maji hayakuja. Kesho yake walikuta mabua matupu: wezi walishavuna mashamba ya kando ya mto, wakapakia mitumbwini.

Mchana huohuo shemeji akatokea Mohoro kuchaji betri, hana hili wala lile. Wakulima, wakidhani ndiye aliyewadanganya ili wezi wavune, wakamdaka mbele ya mlango wangu. Mpini wa jembe ukamshukia begani, kisha mateke, kisha mpini tena, na nikasikia mfupa ukivunjika.

"Shemeji, waambie," alinililia. "Jana sikukuita, betri ilikuwa imekufa."

Hapo ndipo nilipoelewa. Siku hizi wataalamu hutegesha mitoni vyombo vinavyojipimia na kutuma habari vyenyewe, na kila chombo hujitambulisha kwanza kwa namba ya siri. Sisi tulikuwa na salamu. Mwizi mwenye simu ya kuiba angeniuliza nini juu ya kuku wa mke wangu? Mimi ndiye niliyemfungulia mlango.

Nilijua, lakini sikutoka. Niliogopa mpini ule, nikashika komeo la mlango kwa mikono miwili. Mke wangu ndiye aliyepenya katikati ya miguu ya watu akamlalia kaka yake, na pigo lililofuata likampata yeye mgongoni. Ndipo nikatoka, nikapiga kelele kwamba mwenye kosa ni mimi. Walining'oa meno mawili, wakachoka.

Shemeji alikata roho kabla ya alasiri, hapohapo kwenye vumbi.

"Ulikuwa unangoja nini mlangoni?" mke wangu aliniuliza.

Nikamwambia niliogopa. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya chumvi, akavua kanga yake ya begani na kumfunika kaka yake uso.