Tarehe ya Syokimau

Nzioka aliihesabu miaka kwa keki. Ukimwuliza tajiri wetu alinunua lini motokaa ya duka, atakuambia ni wiki ya ile keki ya meli ya kijani. Ephantus, aliyekuwa akiwasha tanuri, alichukuliwa na askari katika msako mkubwa wa hali ya hatari, mwaka hamsini na nne, na hakurudi, na siku hiyo Nzioka aliiweka pamoja na sungura wawili wa nazi waliokwenda Lavington. Hakuisema kwa uchungu. Aliisema tu, mkono ukiendelea kukoroga mayai. Mimi nilimcheka kwa hesabu zake hizo, maana mimi ni mtu wa kucheka watu, na hasira zangu nazo haziko mbali.

Naitwa Lazarus Were. Nzioka na mimi tulifanya kazi kwa Mgoa mmoja, ndiye huyo tajiri wetu, mwenye duka la mikate pale Ngara. Yeye alioka na kupamba, mimi nilifunga maboksi na kupeleka. Wateja wakubwa walikuwa Wazungu wa Kilimani, Kileleshwa na Lavington, waliotaka keki za sikukuu za kuzaliwa za watoto wao. Hawakutaka duara lenye mishumaa basi. Walitaka garimoshi lenye magurudumu ya biskuti, nyumba yenye paa la chokoleti, tembo aliyekaa kitako. Mama mtu alijaza kadi dukani: jina la mtoto, umri wake, na kitu anachokipenda. Nzioka aliibandika kadi ukutani, akaitazama kidogo, akaanza.

Kwao Ukambani walikuwa wachonga vinyago, na yeye alitengeneza keki kwa namna hiyo hiyo. Wapambaji wengine huongeza, kipande hapa, sukari pale. Nzioka aliondoa. Alioka bonge kubwa, akalifunika kitambaa likalala siku moja lipate kukaza, kisha akalishukia kwa kisu chembamba mpaka tembo akatoka ndani yake. Mabaki tulikula sisi na chai. Yeye hakuyagusa. Alisema sukari haina ladha, na hakuna aliyebishana naye, kwa sababu sote tulijua alikuwa hivyo tangu alipofiwa na mkewe, Ndinda.

Ndinda alikufa kwa uzazi mwaka wa hamsini, huko kwao upande wa Machakos, akaacha mtoto wa kike, Syokimau. Mtoto alilelewa na bibi yake, mama wa Ndinda. Nzioka alikwenda kuwaona mara tatu kwa mwaka akiwa na sukari, kitambaa na pesa. Alikaa siku moja, akarudi. Nilipomwuliza habari za huko alinijibu, "Wako." Nikimchokoza zaidi alisema mama mkwe humwekea chakula kizuri, akakifunika, kisha akaenda kukaa na wengine jikoni. Shemeji yake, Kaloki, kaka wa Ndinda, alimpa mkono bila kumtazama. Nzioka hakujua kwa nini. Alidhani ndivyo watu wanavyokuwa msibani, na kwamba msiba wao ulikuwa mrefu.

Mwanzoni mwa Oktoba mwaka wa hamsini na sita alikuja kazini na karatasi ya shule ya misheni. Syokimau angeanza darasa la kwanza Januari. Karatasi ilitaka siku ya kuzaliwa, mwezi na mwaka.

"Weka Januari mosi," nikamwambia. "Nusu ya Nairobi tumezaliwa Januari mosi. Hata mimi."

"Hapana, Were. Mimi naandika siku ya watoto ya watu miaka kumi. Hii moja ni yangu. Nataka siku ya ukweli."

"Padri hatajua."

"Mimi nitajua."

Nikamwambia ana kichwa kigumu, tena nikapandisha sauti, ingawa hakuwa amenikosea. Sababu ilikuwa kwamba siku ile niliijua. Sikuijua kwa kukisia, niliijua hasa. Nilikuwa nimekaa nayo miaka sita, na kama angeandika Januari mosi ningeshukuru Mungu.

Nieleze ilivyokuwa. Wiki ile mwaka wa hamsini Nzioka alikuwa akitengeneza Safina ya Nuhu ya mtoto wa mkubwa mmoja wa Kilimani. Ilitakiwa Jumamosi. Wanyama wote wawili wawili, wa lozi zilizosagwa zikakandwa na sukari: twiga, simba, hata konokono. Wiki iliyotangulia mimi nilikuwa nimeangusha keki kwenye ngazi za nyumba ya watu, na tajiri akaniambia kosa jingine moja tu, Safina ikichelewa au ikivunjika, nirudi kwetu Nyanza nikavue samaki. Alhamisi saa nne asubuhi Kaloki akaja mlango wa nyuma, vumbi hadi kwenye nyusi. Akasema dada yake ameshikwa na uchungu tangu jana, hali si nzuri, Nzioka aje na basi la mchana. Nzioka alikuwa chumba cha ndani, mikono imejaa lozi. Nikamwambia Kaloki, "Nenda uwahi basi, nitamwambia sasa hivi, atakufuata."

Sikumwambia. Nilijisemea kuzaa ni mambo ya wanawake, na uchungu wa uzazi wa kwanza huchukua muda. Nikajisemea akiondoka leo nani atamaliza Safina, na mimi nitakula wapi? Jumamosi niliipakata ile keki nyuma ya motokaa mpaka Kilimani, ikafika nzima, watoto wakapiga makofi. Jioni nikarudi nikamwambia Nzioka kwamba Kaloki amefika sasa hivi, amekimbilia basi. Alinawa mikono, akaondoka alfajiri. Alipofika Jumapili alikuta udongo mbichi.

Hilo ndilo nililokuwa nalo moyoni wakati Nzioka anaitazama karatasi ya shule. Aibu ya kweli ilikuwa ya mwaka wa kwanza. Baada ya hapo ilikufa ganzi, nikafanya kazi, nikala, nikalala. Mtu huzoea.

Ijumaa hiyo alipata ruhusa akaenda kumwuliza mama mkwe. Jumatatu alirudi, akachora mistari juu ya unga uliomwagika mezani, kama mtoto anayejifunza hesabu.

"Mama mkwe hajui tarehe," akasema. "Anasema ilikuwa wakati ya kupanda maharagwe. Mtoto alizaliwa usiku ile Kaloki alirudi kutoka kuniita. Ndinda akakaa siku mbili, akafa asubuhi, wakamzika hiyo hiyo siku. Sasa angalia. Kaloki alikuja Jumamosi. Basi mtoto alizaliwa usiku ya Jumamosi. Ndinda akafa Jumatatu." Akainua kidole. "Lakini mimi nilifika Jumapili, na yeye alikuwa chini."

Nikachukua boksi nikaanza kulikunja.

"Mama mkwe amechanganya, eh?" akaniuliza. Uso wake ulikuwa ule ule wa siku zote, hauna kitu. Angeniamini lolote. Ningesema ndiyo, mzee amechanganya, andika Jumamosi tarehe kumi na nne, na mtoto angeingia shule na tarehe ya uongo wangu.

"Hajachanganya," nikasema. "Kaloki alikuja Alhamisi. Tarehe kumi na mbili. Aliniambia mimi, na mimi nikakuficha mpaka Jumamosi. Niliogopa kufutwa."

Niliongeza mengine, kwamba sikujua ingekuwa mbaya vile, kwamba nilidhani kuna wakati. Sikumbuki yote. Nilitaka anipige. Mimi ningepiga. Nzioka aliitazama ile mistari ya unga, akaifuta kwa kiganja, akachukua penseli. Akaandika tarehe kumi na mbili, Oktoba, elfu moja mia tisa hamsini, kwa herufi zile zile nzuri alizoandikia watoto wa watu. Akaupuliza unga ulioshika karatasi, akaikunja.

"Basi ana siku," akasema. Akarudi kwenye keki iliyokuwa mezani, kobe wa mtoto wa Kileleshwa, akaendelea kumchonga gamba. Siku tatu hatukusema ila habari za kazi.

Alhamisi jioni nikamkuta amesimama mbele ya keki ndogo ya mviringo, nyeupe, isiyochongwa chochote. Juu ameandika SYOKIMAU na chini yake 6. Nikamwuliza mbona hakutengeneza hata ndege mmoja.

"Sijui anapenda nini," akasema.

Akaifunga mwenyewe kwenye boksi, kazi ambayo ni yangu. "Kesho ni siku yake. Utapeleka wewe. Nimemwomba tajiri. Mimi niko na kazi ya Jumamosi. Na ukifika utawaambia siku uliyoambiwa na Kaloki, na siku uliyoniambia mimi. Wao wanafikiri nilijua."

Kumbe alikuwa amepiga na hesabu ile nyingine. Chakula kilichofunikwa, mkono usiotazama. Miaka sita watu wale waliamini aliitwa Alhamisi akachagua keki.

Nikaenda. Sitaeleza safari. Nilifika kwao saa saba mchana na boksi mikononi, nikaonyeshwa nyumba. Mama mzee alikuwa amekaa mlangoni akichambua mbaazi, na mtoto mwembamba mwenye macho ya Nzioka alikuwa nyuma yake. Kiswahili cha mama kilikuwa kidogo, basi akamwita Kaloki kutoka shambani aje atafsiri. Sikuwa nimelifikiria hilo. Kaloki alinitambua mara moja.

"Wewe ni yule wa mlango ya nyuma," akasema.

"Ni mimi, bwana."

Nikasema niliyotumwa. Nilisema sentensi moja, nikangoja Kaloki aigeuze Kikamba. Nilipofika pale niliposema sikumwambia Nzioka mpaka Jumamosi, Kaloki hakutafsiri. Mama akamwuliza kitu. Ndipo akamwambia, polepole, akiwa amenigeuzia mgongo.

Mama aliacha mbaazi. Hakulia wala hakunitukana, na nilikuwa nimejitayarisha kwa yote mawili. Alizungumza kwa sauti ya chini, na Kaloki akanigeuzia maneno yake vipande vipande.

"Anasema siku mbili Ndinda alikuwa anauliza kama basi imefika. Kila ikipita barabarani anauliza. Mwisho mama akachoka kumdanganya. Akamwambia, mume wako ameitwa, amekataa kuja." Kaloki akapangusa udongo wa shamba mikononi. "Anasema Ndinda alikufa na hiyo. Sasa anauliza: hii utamwambia Nzioka, ama utakaa nayo?"

Nilifungua boksi kwa sababu mikono ilitaka kazi. Syokimau alikuja karibu, akagusa sukari kwa kidole, akalamba, akacheka. Bibi yake alikata vipande, akampa mtoto, akampa Kaloki, na mimi akanipa. Nilikula chote nikiwa nimesimama, na sikusikia ladha yoyote.

Nilifika Nairobi Jumamosi asubuhi. Nzioka alikuwa mezani, ameshika ile koni ya karatasi ya kukamulia sukari, mbele yake ngome yenye minara minne iliyotakiwa Lavington saa tisa. Alikuwa katikati ya kuandika jina la mtoto wa wenyewe.

"Alipenda?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Alipenda sana. Alilamba vidole."

"Na mama mkwe?"

Njia nzima nilikuwa nimetengeneza maneno. Ningesema mama amekusamehe, anakusalimu, basi. Ingekuwa uongo wa huruma, na nani angenilaumu? Lakini nilimtazama akiwa ameinama vile, nikaona ni Alhamisi tena na mimi niko mlangoni. Nikamwambia. Mabasi yaliyopita barabarani, alivyouliza kila mara, aliloambiwa mwishoni. Sikupunguza neno.

Mkono wake ulisimama. Sukari ikaendelea kutoka peke yake kwenye koni, ikafanya kibonge kidogo juu ya ukuta wa ngome, halafu ikakoma. Akaiweka koni chini. Akavua aproni akaitundika msumarini, akachukua koti lake. Tajiri alimwita kutoka dukani, mara mbili, ya pili kwa ukali, akasema akitoka asirudi. Nzioka alipita katikati ya wateja kama hasikii, akavuka barabara, akaelekea kwenye mabasi ya Machakos.

Nilibaki na ile ngome. Ilikuwa imeandikwa nusu ya jina, na mwandiko wangu ni mbaya.