Mguu wa Farasi wa Kalki

Ukiingia bucha yoyote kati ya Awendo na Isebania ukute ng'ombe mnono amechorwa ukutani, macho makubwa, miguu minne imetulia chini, huyo ni wa Mokaya, na mbishi asibishe. Mokaya amechora mabango miaka thelathini, na sheria yake ni moja: rangi ikishakauka, maneno yamekwisha. Harudii kazi hata umlilie. Kiburi anacho, lakini na mkono pia anao, kwa hiyo watu humvumilia.

Mwaka jana aliitwa kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi mjini Migori. Nyuma ya duka kuna chumba kidogo cha sala, na Mama Savita alitaka picha ya Kalki ukutani humo. Mama huyu ni Mhindi wa kuzaliwa Homa Bay, mjane wa miaka themanini, na Kiluo chake kinampita Mokaya mbali. Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. Binti yake alikuwa anakuja kumchukua baada ya juma moja akaishi naye Nairobi, moja kwa moja.

"Kalki ndiye nani, mama?" Mokaya akauliza.

"Mungu wetu Vishnu ameshuka duniani mara tisa. Ya kumi bado. Atakuja na upanga, juu ya farasi mweupe, siku ukweli utakapokuwa umeisha kabisa, asibaki hata mtu mmoja wa kuona haya kwa uongo wake."

"Hata sisi Wasabato tunaye wa farasi mweupe. Yumo katika Ufunuo."

"Basi mchore vizuri, huenda wanajuana."

Akachora siku nne. Wee! Farasi alikuwa farasi. Alhamisi mama akaja ameshikwa mkono na mpwa wake Hitesh, mwenye duka. Alichoweza kuona ni weupe tu, lakini alisimama pale machozi yakimtoka kwa furaha.

"Na mguu wa mbele wa kulia ameuinua, sivyo?" akauliza. "Baba alituambia, siku farasi akiutua chini, dunia imekwisha."

Mokaya akatazama. Miguu yote minne ilikuwa chini, imara, kama ya ng'ombe wa bucha. Hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza. Na rangi ilishakauka.

"Ameuinua, mama," akasema.

Nje, Hitesh akacheka. "Mimi nimeona. Wacha tu, fundi. Kesho saa nne anaondoka. Nani atajua?"

Jioni ile aliusukuma ugali pembeni. Bosibori, mkewe, akamchimba mpaka akasema yote. "Mzee mzima unamdanganya asiyeona!" akamfokea. "Njia ya mwongo ni fupi, Baba Joyline." Mokaya aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio.

Ijumaa, jua halijachomoza vizuri, huyo, mlangoni pa duka, anambembeleza bawabu amfungulie. Fundi asiyerudia kazi akaufuta ule mguu, akauchora upya, umekunjwa, unaning'inia hewani. Hakuna aliyemwomba wala aliyemlipa. Ndiyo maana mimi nampenda huyu mtu, na kiburi chake chote.

Alikuwa anafuta brashi Mama Savita alipoingia na fimbo yake kuaga.

"Nani yuko?"

"Ni Mokaya, mama."

Mama akanyoosha mkono, akapapasa ukuta taratibu mpaka kwenye goti la farasi. Akakirudisha kidole, akakinusa.

"Rangi mbichi," akasema. "Kwa hiyo jana mguu ulikuwa chini."

"Ulikuwa chini. Nilikudanganya, mama, na haya zikanishika. Nisamehe."

Mama akaanza kucheka, akacheka mpaka akamshika Mokaya bega asianguke.

"Ona ulichonifanyia, fundi! Nimemngoja Kalki tangu nikiwa mtoto, nikadhani sasa amekaribia, nitamwona kabla sijafa. Nawe umemchelewesha."