Benki Iliyovaa Maua ya Fundi Zakariya

Fundi Zakariya ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, hapa Mji wa Kale. Kuchonga milango ndiyo kazi pekee aijuayo, na siku hizi hakuna anayemwagiza hata kizingiti. Mpwa wake, Zaki, ameshamwambia: kazi isipopatikana, karakana itakuwa duka la simu. Karakana ni ya ukoo, na ukoo mzima uko upande wa Zaki. Mimi sikuulizwa; ningeulizwa, ningewatolea maneno.

Basi tukasikia kuna benki imejenga makao makuu upande wa Ganjoni, jumba zima limepambwa kwa nakshi za kwetu. Mzee akavaa kanzu iliyopigwa pasi, akafunga patasi zake kwenye kitambaa.

"Twende, mwanangu. Penye nakshi zote hizo hapakosi kazi ya fundi."

Nikamfuata, na tamaa yangu ilizidi yake.

Sisemi uongo, jumba ni zuri. Limevishwa bati jeupe lililotobolewa maua toka chini hadi juu. Upepo unapenya, ndani baridi bila feni. Janet, binti wa mapokezi, alitukaribisha kwa heshima, akatutembeza. Mzee akasimama ukutani, akapitisha kidole kwenye ua moja, kisha la pili, kisha la tatu.

"Jani hili fupi," akasema. "Hapa patasi ilin'ponyoka. Ni mlango wa marehemu baba, nami n'kijifunza."

Janet akaeleza kuwa msanifu alipiga picha milango ya Mji wa Kale, mashine ikakata. Kumbe mashine ilibeba na kosa, ikalirudia ukuta mzima. Nilicheka. Mzee hakucheka.

Aliuliza jambo moja tu. "Zikiharibika, mwatengenezewa na nani?"

"Haziharibiki, mzee. Hata kutu hazishiki. Na moja ikipinda, mashine inakata nyingine."

Alisema kwa furaha, kama anayempa mgeni habari njema. Mzee akashukuru. Kitambaa hakukifungua.

Njiani niliitukana benki, mashine na msanifu wake, mpaka mzee akaninyamazisha.

"Ukuta ule ni mzuri, mwanangu. Ndiyo maana hawan'taki."

Roho iliniuma.

Tulimkuta Zaki barazani. Mzee hakungoja kuulizwa. Alimpa ufunguo wa karakana, akamwomba amwachie kiti kimoja dukani, awe anakaa.

Zaki akasema ataangalia kama nafasi itatosha.