Alichokifuta Mzee Bonifasi

Eufrazia alilipwa kwa kusoma maneno ambayo watu hawakumaliza kuyaandika. Kampuni yao, iliyopanga ghorofani katikati ya mji wa Morogoro, ilikuwa na tovuti ya kuuza mbegu, mbolea na dawa za mifugo, na yeye alifuatilia kile kisanduku cha kutafutia. Mteja akiandika "mbo", mfumo humkisia: mbolea ya kupandia, mbolea ya kukuzia. Eufrazia ndiye aliyeutega mfumo unase kila herufi: mtu ameanzaje, amechagua pendekezo lipi, amefuta nini. Wateja waliambiwa, kwa namna fulani, katika masharti marefu ambayo hakuna aliyewahi kuyasoma.

Asubuhi moja bosi wake, Joyce, alitaka kujua watu wanatafuta nini wasichokipata. Eufrazia akaanza kupitia yaliyofutwa. Akakuta mtu wa Dakawa ameandika "dawa ya kidonda", mfumo ukampendekezea dawa ya kidonda cha ng'ombe, akafuta. Akaandika "kidonda cha mguu hakiponi". Akafuta. "Kidonda kinanuka". Akafuta tena, akaandika "mbegu", akaondoka bila kununua kitu.

Ile namba ya mteja aliijua. Alimsajili yeye mwenyewe, siku aliyompelekea baba yake simu mpya. Mzee Bonifasi alilima mpunga, na hakuwa na ng'ombe hata mmoja.

Akatoka hadi kwenye ngazi akampigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Mjukuu wangu Amani hajambo?"

"Hajambo, yuko shule. Wewe mwili unaendeleaje?"

"Mimi? Mzima kama chuma!"

Angesema nini? Kwamba ameyaona aliyoyafuta? Alikuwa ametia saini kutomchungulia mteja mmoja mmoja. Alipomweleza Joyce, yule mama alimwonea huruma kwa dhati. "Pole sana, mdogo wangu. Nenda kamwone mzee. Ila usimwambie umejuaje. Sema umeota."

Jumamosi akaenda Dakawa. Alimkuta baba yake sebuleni peke yake, kama alivyoishi tangu mama afariki, amevaa mabuti ya shambani. Harufu ilimpokea mlangoni.

"Baba, vua buti nikuone mguu."

"Nimetoka majarubani sasa hivi, nimechoka."

Mabuti yalikuwa makavu, hayana hata chembe ya tope.

"Nimekuota unaumwa," alisema Eufrazia.

Mzee akacheka. "Ndoto za watu wa mjini hizo. Kapike chai."

Akaenda jikoni, akasimama mbele ya sufuria bila kuwasha moto. Akinyamaza, mguu utaoza. Akisema, baba atajua kwamba bintiye huketi ofisini akimsoma. Akarudi sebuleni.

"Uliandika kidonda kinanuka. Halafu ukafuta."

Mzee Bonifasi aliitazama simu yake mezani. "Nani kakwambia?"

"Hakuna mtu. Ndiyo kazi yangu, baba."

"Hata nikifuta?"

"Hata ukifuta."

Mzee akainama, akalivuta buti mwenyewe, polepole, uso ameugeuzia ukutani kama mtu aliyefumaniwa. "Nilidhani naongea na kitu," alisema.

Hospitali walikuta kisukari. Walikata vidole viwili, mguu ukapona, na daktari akasema angechelewa kidogo tu wangekata gotini. Mzee akaletwa Bigwa, nyumbani kwa Eufrazia, auguzwe. Majirani aliwaambia binti yake kamwokoa. Lakini Eufrazia alipoingia chumbani, simu ilikwenda chini ya mto, na baba alimjibu kwa adabu nyingi, kwa uangalifu, kama mtu anavyomjibu ofisa wa serikali. Zile hadithi za utani alimsimulia Amani tu, na Eufrazia akitokea, zilikatika.

Eufrazia akamwomba Joyce waache kunasa herufi ambazo mtu hajazituma.

"Wenye kampuni wanataka hizo hizo," alisema Joyce. "Zile za kutumwa kila mtu anazo. Wewe ukikataa, kesho wataleta mwingine."

Akaandika barua ya kuacha kazi, akaisoma, hakuituma. Ofisi za kazi kama ile pale mjini zilikuwa za kutafuta kwa tochi, na nyumbani kulikuwa na mtoto wa shule na mgonjwa wa dawa za kila siku. Alichoweza ni kuitoa namba ya baba yake kwenye mfumo. Hakumwambia mzee. Hakuona kama mzee angeamini.

Jumatatu akaketi tena mbele ya kompyuta. Mtu wa Turiani alikuwa ameandika "naogopa kurudi nyu", mfumo ukakosa cha kumkisia, akafuta. Eufrazia hakuwa na jina lake, na hakuruhusiwa kulitafuta. Aliyakodolea macho yale maneno mpaka Joyce akauliza ripoti imefika wapi.

"Namalizia," alijibu, akateremka hadi mstari uliofuata.