Kitufe cha Wilondja

Kuna Jumapili moja mji mzima wa Baraka, huku kwetu Fizi, ulinisikia nikijisifu kwenye bafle la kanisa, spika ile kubwa inayosikika mpaka sokoni, tena nikijirudia bila kukoma, na mkitaka kucheka chekeni tu, hata mimi nilicheka kidogo kabla sijauona uso wa Mama Wilondja.

Ilikuwa miaka ya vita. Watu wetu wengi walikuwa wamevuka ziwa kwenda kambini Tanzania, na sisi tuliobaki tulisikiana nao kwa kaseti: mwenye mtumbwi analeta kaseti, inapigwa uani mwa kanisa baada ya ibada, wote tunasikiliza (maana mtu akimsalimia mama yake anawasalimia na majirani wote), halafu majibu yanarekodiwa juu ya kaseti ileile na inarudi ng'ambo. Kaseti zilikuwa chache, basi kila jibu lilifuta sauti iliyotangulia. Mimi niliyesoma kompyuta kidogo Bukavu kabla barabara hazijafungwa nikamwambia Pasta kwamba hiyo ni hasara, kanisa lina kompyuta waliyoiacha wageni wa misaada, niachie mimi nihifadhi sauti zote humo, kila mtu na kitufe chake. Pasta akakubali. Laiti angekataa.

Nilikuwa na kijitabu cha kujifunzia Tkinter, zana ya kutengenezea madirisha na vitufe kwa lugha ya kompyuta inayoitwa Python, na mwanzo wake ni mtamu sana: unaandika mistari michache, dirisha hilo, kitufe hicho, unajiona umekuwa mtu. Mimi nikaishia hapo mwanzoni. Mbele kulikuwa na sura inayoeleza kwamba kitufe kikipewa kazi ndefu dirisha zima linaganda mpaka kazi iishe, na kila utakachobonyeza wakati huo kinapanga foleni nyuma yake. Sura hiyo niliiruka (ilikuwa ndefu, na watu walishaanza kuniita Enjenieri).

Ndipo ikafika kaseti ya Wilondja, kijana wa kijiji cha Swima aliyepotezana na mama yake kwenye kukimbia, akiwa bado mtoto. Nikaihamishia sauti yake kwenye kompyuta, kaseti ikarekodiwa majibu ya watu wengine na kuondoka na mtumbwi. Halafu, eti kwa kujaribu tu, nikarekodi na sauti yangu mwenyewe, nikaitengenezea kitufe juu kabisa ya vingine vyote.

Jumapili hiyo Mama Wilondja alikuja kwa miguu kutoka Swima, na njia ya siku zile mnaijua ilivyokuwa. Akakaa mbele. Jenereta ikawashwa kwa mafuta kidogo tuliyokuwa nayo. Na mimi, badala ya kubonyeza kitufe cha mtoto wake moja kwa moja, nikataka watu waonje kwanza changu. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena, kimya, nikaendelea kubonyeza kama mtu anayebisha hodi huku mvua inamnyeshea mgongoni, mpaka Pasta akainama, akaona kifundo cha sauti cha bafle kiko chini kabisa, akakizungusha.

"Allô, allô, Baraka. Mwenye anasema ni Enjenieri, muntu wa kwanza wa Fizi kufungua dirisha ndani ya ordinatere, hii kompyuta. Bamama, kama muko na binti nyumbani, mujue huyu Enjenieri hayaoa bado."

Watu walicheka, hata Mama Wilondja alicheka. Ikaisha, ikaanza upya. Ikaisha tena, ikaanza. Nikabonyeza kitufe cha Wilondja, nacho kikaenda kusimama nyuma ya foleni yangu. (Mtasema ningeizima na kuiwasha upya; kompyuta ile ilikuwa ya kubembelezwa mpaka iamke, na mafuta yasingeingoja.)

"Enjenieri, simamisha hiyo kitu," Pasta alisema.

"Siwezi, Pasta. Iko inamaliza foleni kwanza."

"Foleni ya nani?"

"Ya mi mwenyewe."

Kicheko kilikuwa kimeshakauka uani. Jenereta ikakohoa, ikazima, na mimi kwenye bafle bado natafuta mke.

Mama Wilondja akanisogelea taratibu. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Mutoto yangu, we ulimusikia?"

"Ndiyo, Mama. Alisema iko muzima, anasoma, anakusalimia..."

"Ile maneno mwenye mutumbwi alisha kuniambia. Alienda na sauti ya kitoto. Mi nilikuja kusikia kama imekomaa."

Wakati naihamisha sauti ile macho yangu yalikuwa kwenye mistari inayopanda na kushuka kwenye kioo cha kompyuta, nahakikisha inaingia vizuri. Sauti yenyewe sikuisikiliza.

"Imekomaa, Mama. Iko nzito."

"Nzito sawa ya baba yake?"

Baba yake sikuwahi kumjua. "Ndiyo, Mama," nikasema, na yeye akatabasamu, akakaza kitenge chake, akashika njia ya kurudi Swima.

Nilimwahidi kwamba mafuta yakija tutampigia yeye wa kwanza. Kabla hayajaja risasi zikalia, mji ukakimbia, na tuliporudi kompyuta haikuwepo. Madirisha nimeyatengeneza mengi tangu hapo na hayagandi tena, sura ile nimeisoma mpaka naijua kwa moyo. Lakini mtu akinikabidhi sauti ya mtoto wake, nafumba macho kwanza, naisikiliza yote mpaka mwisho, ndipo naanza kazi.