Kichwa cha Keza

Saada Umuhoza hana tabia ya kurudi nyuma, na mtaa mzima wa Biryogo unalijua hilo. Ni fundi cherehani, anashona kibarazani kwao karibu na msikiti. Mteja akimletea kitambaa cha mita mbili akitaka gauni la mita tatu, atarudishiwa kitambaa chake pamoja na maneno ya kumtosha mwezi mzima. Mumewe Ramadhani, muuza viatu wa Muhima, ni mpole. Husema kazi yake kubwa katika ndoa hii ni kuwaomba watu radhi.

Jumamosi ile ya kiangazi, hata hivyo, Saada alitoka nyumbani bila nia ya kugombana na mtu yeyote.

Binti yao Keza, mwenye miaka minane, alikuwa ameonyeshwa shuleni picha ya msichana aliyeweka mkono juu ya tufe kubwa la chuma, nywele zake zote zimesimama kwa umeme. Basi, nyumba ikakosa amani. Umeme ule unauma? Unaingilia wapi? Unatokea wapi? Mwalimu aliposema kuna tamasha la sayansi upande wa Gikondo, na kwamba huko watoto wanaruhusiwa kushika kila kitu, Keza hakulala. Saada akafunika cherehani yake katikati ya msimu wa harusi, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu.

Kushika kila kitu! Kwenye kibaraza cha Saada sheria ni moja: mikono nyuma, kitambaa cha mteja hakiguswi. Ndiyo maana Keza aliingia ukumbini mikono ikiwa mgongoni, akazipita sumaku, akayapita mapovu ya sabuni, akayatazama yote kwa heshima kama mgeni sebuleni.

"Shika, mwanangu," Saada akamwambia. "Leo ruhusa."

"Naitunza kwa ajili ya tufe," Keza akajibu, akimaanisha mikono yake.

Walipanga foleni, Ramadhani nyuma yao. Msimamizi wa tufe alikuwa Natacha, mwanafunzi wa chuo, fulana ya tamasha mwilini na sauti imeshaanza kumkauka. Watoto walipanda mmoja mmoja kwenye kigoda cha plastiki, wakagusa tufe, nywele zikainuka, wazazi wakapiga picha. Zamu ya Keza ikafika, akapanda. Natacha akakitazama kichwa chake, kimenyolewa karibu na ngozi kama cha mwanafunzi yeyote wa shule ya serikali, akasita.

"Pole mama," akasema. "Hii mashine iko inataka nywele ndefu. Kwa huyu hakuna kitu itaonekana. Akae pale na wenzake, aangalie."

Hapo ndipo Saada alipowaona hao wenzake. Walikuwa wamekaa sakafuni kando ya foleni, kundi zima la watoto wenye sare na vichwa vilivyonyolewa, wanatazama. Hakuna aliyekuwa amewafukuza. Walikuwa wameambiwa tu, kwa adabu, mmoja baada ya mwingine.

Keza hakulia. Alishuka kigodani, akarudisha mikono yake mgongoni. Kulia kungekuwa nafuu. Mikono ile ilimchoma Saada, kwa sababu ni yeye aliyeifundisha kukaa pale.

"Mama Keza," Ramadhani akanong'ona, "tusigombane na watu. Twende kwenye mapovu."

"Mapovu nenda wewe." Saada akamgeukia Natacha. "Sha, binti, hii ni mashine ya saluni?"

"Oya, siyo, mama, lakini..."

"Nywele za huyu mtoto shule ndiyo imesema zinyolewe. Shule hiyohiyo imesema aje hapa apende sayansi. Sasa amekuja, mnamwambia hana nywele. Alete kichwa gani?"

Kusema kweli halikuwa kosa la Natacha. Foleni nyuma ikaanza kuguna. Mzazi mmoja akasema watoto wengine wanangoja. Saada akamwambia hata wake anangoja, tena tangu wiki iliyopita, halafu akafungua mkoba wake.

Alitoa roli ya uzi mwekundu, laini kabisa, wa kupindia mashela. Akauzungusha kwenye vidole vyake mara nyingi, akaukata kwa meno, akaufunga kwa kipande cha utepe, akamvisha Keza kichwani na kumpandisha tena kigodani. Hakujua kama itafaa. Fizikia na yeye waliachana zamani bila kuagana. Alichojua ni kwamba mtoto wake hashuki kwenye kigoda kile mara ya pili.

"Washa," akasema.

Natacha akaangalia foleni, akamwangalia Keza, akawasha. Keza akaitoa mikono mgongoni, akaiweka yote miwili juu ya tufe.

Kwanza hakuna kilichotokea, na Ramadhani akafumba macho. Kisha uzi mmoja ukajitenga, na mwingine, na nyuzi zote zikainuka zikasimama wima kila upande, nyekundu, zinatetemeka, na chini yake Keza akicheka kwa sauti ambayo Saada hakuwahi kuisikia nyumbani.

"Inatekenya!" Keza akapiga kelele. "Mama, haiumi, inatekenya!"

Watoto wa sakafuni walikuwa wamesimama wote. Saada akavuta kiti bila kumwomba mtu, akakaa.

"Pangeni foleni hapa," akawaambia. "Natacha mwanangu, wewe shughulika na mashine yako. Ramadhani, shika roli."

Ramadhani akashika roli. Mchana wote alisimama pale akiufungua uzi, mkewe anakata na kufunga, Keza anawavisha wenzake na kuwaeleza kwamba haiumi. Jioni meza nyingine zikaanza kufungwa. Mwanamume mwenye kitambulisho shingoni akaja akaegemea kiti cha Saada.

"Mama, saa imeisha. Tunafunga."

Saada hakuinua macho. Alikata uzi kwa meno.

"Fungeni kule," akasema. "Hapa bado watatu."