Biskuti za Mbwa wa Mama

Krismasi ya kwanza baada ya kumzika mama, nilimwacha mume wangu Kitale, nikaenda peke yangu kumwona baba kijijini, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Baba alikuwa amestaafu kazi ya kiwandani Webuye. Alikuwa mtu wa maneno machache, na maishani mwangu sikuwahi kumwona akiingia jikoni. Hata maji ya kunywa aliletewa.

Mbwa wetu watatu hawakubweka nilipofika. Walikuwa wamelala mlangoni pa jikoni, na moshi ulikuwa unatoka ndani. Nikadhani jirani amekuja kumpikia mzee. Nilipochungulia, nilimkuta baba amepiga magoti mbele ya jiko, leso ya mama kiunoni, unga umemfika viwikoni.

Mkoba uliniponyoka.

Mezani palikuwa na donge la unga wa mahindi uliokandwa kwa mayai na supu ya mifupa. Vipande vingine vilikuwa tayari ndani ya sufuria, makaa juu ya kifuniko. Nilimwuliza anampikia nani. Akasema anawapikia mbwa.

Nilikaa juu ya gunia la mahindi. Huyu ndiye aliyekuwa akiwarushia mawe mbwa hao na kuwaita wezi. Nikaanza kuwaza nimwendee nani kwanza, pasta au shangazi, nimwambie akili ya baba imeguswa.

"Mama yako alikuwa anawaokea kila Krismasi," alisema bila kugeuka, "sisi tukishatangulia kanisani."

Nililelewa katika nyumba hiyo na sikujua. Nilimwuliza yeye alijuaje. Akasema mama alimwambia hospitalini, siku za mwisho.

"Nilifikiri ataniambia maneno ya shamba, ama yenu watoto. Akaniambia ya mbwa."

Hapo ndipo nilipoona kwamba yeye mwenyewe alikuwa bado hajapona mshtuko ule.

Biskuti za kwanza ziliungua. Nilivua viatu, nikapunguza makaa, tukaoka nyingine. Mbwa walizinusa tu, wakamtazama, hawakula mpaka alipokaa chini katikati yao.

"Umekula, mama?" aliniuliza kutoka pale chini. Hakuwahi kuniuliza hivyo hata siku moja.

Niliporudi Kitale sikumsimulia mume wangu. Sikujua ningeanzia wapi.